Breki za nyuma za dramu: kukaza, kubadili shuu, na kwa nini hendibreki inalegea tena baada ya wiki mbili

#1 SpanaNambaKumi

Wakuu, maswali ya hendibreki isiyoshika na pedali inayozama kabla ya breki kukamata yamekuwa mengi humu, na majibu yanatawanyika. Tuyaweke hapa. Nitatumia Toyota ndogo za kusukumwa na matairi ya mbele, kundi la Corolla NZE na IST, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani na muundo wao unafanana. Mwenye Hiace, Hilux au pikipiki atakuta tofauti, tutazijadili huko chini.

Kwanza tuelewane kosa moja. Hendibreki ikipanda mpaka juu, wengi wanafungua kava katikati ya viti na kukaza nati ya kebo. Inashika siku hiyo, mwenye gari anashukuru, anaondoka. Lakini kebo haikulegea yenyewe. Shuu (vipande vya nusu duara vinavyosukumwa nje kubana dramu) zimelika, zimekaa mbali na dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na tairi). Ukivuta kebo, ile lever iliyofungwa kwenye shuu ya nyuma haikai tena mahali pake pa kupumzikia, inabaki imevutwa nusu. Sasa ajasta, ambayo kazi yake ni kujiongeza jino moja moja kadiri shuu zinavyolika, haipati nafasi ya kurudi na kushika jino jipya. Umeua ajasta kwa kukaza kebo. Baada ya muda hendibreki imelegea tena na pedali nayo inazidi kwenda chini.

Kwa hiyo mpangilio ni huu siku zote: legeza kebo, weka shuu sawa kwenye dramu, kisha kebo iwe ya mwisho.

Jaribio la kujua tatizo liko wapi kabla hujashika spana: washa gari, kanyaga breki, kumbuka pedali imesimama wapi. Kanyaga haraka mara mbili. Ikipanda juu na kuwa ngumu, nafasi kati ya shuu na dramu ni kubwa. Kisha vuta hendibreki mpaka mwisho, kanyaga tena. Pedali ikisimama juu zaidi kuliko mwanzo, umepata jibu, ni shuu za nyuma. Ikiwa laini kama unakanyaga sponji, kuna upepo (hewa) kwenye mafuta ya breki. Ikishika halafu ikaendelea kuzama polepole huku mguu umetulia, angalia kuvuja, na kama hakuna panapovuja basi raba za ndani ya mastasilinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) zinapitisha.

#2 SpanaNambaKumi

Kufungua sasa.

Gari liwe pahala tambarare, gia namba moja au P, matairi ya mbele yafungwe kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. Hendibreki ISHUSHWE, maana ukiacha imevutwa dramu haitoki hata upige nyundo mpaka jioni. Legeza nati za tairi (spana 21) gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki, na uweke stendi. Jeki peke yake haikai na mtu chini ya gari.

Dramu za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni. Yale si mapambo. Chukua bolti mbili za M8 zenye nyuzi za 1.25, ziingize zote mbili, kaza nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Dramu inasukumwa nje bila kuvunjika. Ukikaza upande mmoja tu itaenda kombo na kubana zaidi. Ikiwa kutu imeshika kwenye kitovu, gonga kwa nyundo ya raba kati ya bolti za tairi, siyo kwenye ukingo wa nje. Ukingo wa chuma cha kuyeyushwa unameguka.

Ikisogea sentimita moja kisha ikakwama, shuu zimechimba dramu na kuacha mdomo ukingoni. Hapo ni kurudisha ajasta nyuma. Kuna tundu lililozibwa kwa raba kwenye bamba la nyuma, upande wa ndani wa gurudumu. Ng'oa raba, ingiza bisibisi nyembamba usukume ulimi wa ajasta utoke kwenye meno, na bisibisi ya pili uzungushe meno. Usiposukuma ulimi, meno yanaenda upande mmoja tu, wa kukaza. Wanaokata tamaa hapa ndio wanaovunja springi.

Dramu ikitoka, usipulize vumbi kwa kompresa. Vumbi la breki si la kuvuta, na shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni au kisafishio cha breki cha kopo, futa kwa kitambaa.

#3 MkerezajiWaIlala

Naongezea kipimo. Ndani au nje ya dramu pamechapwa namba, mara nyingi "MAX" na milimita. Kwa Corolla na IST nyingi dramu mpya ni 200 mm kwa ndani na ukomo ni 201 mm. Yaani mashine ya kukereza ina milimita moja tu ya kuchezea kwa kipenyo chote, nusu milimita kila upande. Dramu yenye mfereji unaokamata ukucha mara nyingi ikisafishwa vizuri inakuwa imeshapita ukomo. Wateja wanagomba, lakini dramu nyembamba haibebi joto, inatanuka haraka na inaweza kupasuka.

Lainingi (tabaka la msuguano lililobandikwa juu ya shuu) mpya kwenye kundi hilo ni kama 4 mm, ukomo wa kubadili ni 1 mm. Usisubiri ifike hapo. Na kama ni za kupigwa riveti, pima kutoka juu ya kichwa cha riveti, si kutoka kwenye chuma.

#4 Kibajaji_77

Mkuu #2, kwa nini mafundi wengi wanasafishia petroli? Inakausha haraka na ni rahisi.

#5 SpanaNambaKumi

Petroli inaharibu raba za silinda ya gurudumu (ile inayosukuma shuu), zinavimba. Halafu inaacha mabaki kwenye lainingi. Dizeli ni mbaya zaidi, hiyo ni mafuta kabisa. Kuna na wale wanaomwagia shuu petroli na kuzichoma ili "kutoa oili". Lainingi imebandikwa kwa gundi kwenye chuma. Ukiichoma gundi inakufa, na siku ya breki kali lainingi inabanduka na kujikunja ndani ya dramu, gurudumu linakwama. Shuu iliyolowa oili au mafuta ya breki inatupwa. Zibadilishwe pande zote mbili, si moja, la sivyo gari litavuta upande.

#6 MamaSpea

Kabla hamjaendelea, orodha ya vitu maana watu wanafika Gerezani (maduka ya spea, Dar) wanaomba "breki za nyuma" tu na kuondoka na kisichowafaa:

Seti ya shuu ni vipande 4, yaani magurudumu mawili. Njoo na shuu ya zamani mkononi au namba ya chesisi, jina la gari halitoshi, IST mbili zinaweza kutofautiana. Linganisha upana wa lainingi, matundu ya springi, na mahali lever ya hendibreki inapofungwa.

Springi: za kurudisha za juu, za chini, na zile ndogo za kushikilia shuu zenye pini na vikombe, mbili kila gurudumu. Springi iliyopata joto inabadilika rangi na kuwa ya bluu bluu, na mizunguko yake inaacha nafasi hata ikiwa haijavutwa. Hiyo haifai tena. Seti ya springi ni rahisi kuliko shuu na watu wanaikataa, sijui kwa nini.

Washa zenye umbo la C za lever ya hendibreki, 2. Ile ya zamani ikishafunguliwa usiirudishe.

Raba za silinda ya gurudumu au silinda nzima. Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, nusu lita inatosha kama unatoa upepo nyuma tu, lita moja kama unabadili yote. Kopo lisiwe limefunguliwa miezi iliyopita, yananyonya unyevu hewani.

Na grisi ya joto kali, kidogo tu.

#7 GariLaMchina

DOT 5 je? Namba kubwa si bora zaidi?

#8 MamaSpea

Hapana kaka. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi. DOT 3, 4 na 5.1 ndizo za familia moja. DOT 3 mpya inachemka kuanzia 205°C, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140°C. DOT 4 ni 230°C na 155°C. Ukiwa unashuka milima mara kwa mara weka DOT 4. Na oili ya gia au ya injini isikaribie kabisa chupa ya breki, hata tone. Raba zote zinavimba kuanzia mastasilinda mpaka magurudumu manne, na gharama yake ni kubadili mfumo mzima.

#9 SpanaNambaKumi

Asante dada. Tuendelee na kubadili.

Fungua dramu zote mbili lakini fumua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili ndio picha yako. Piga na simu pia, kutoka mbele na kutoka pembeni, kwa sababu springi ya juu inapita nyuma ya ajasta kwenye gari moja na mbele kwenye jingine.

Kabla hujafumua, vuta kidogo raba ya vumbi ya silinda, kushoto na kulia. Unyevu wa kupaka kidole si neno. Mafuta yakichuruzika, silinda inafunguliwa leo leo, maana utalazimika kurudi na shuu mpya zikiwa zimelowa.

Toa springi ndogo za kushikilia: kidole nyuma ya bamba kikamate kichwa cha pini, plaiz isukume kikombe na kukigeuza robo mzunguko. Shuu ya mbele itoke kwanza na springi ya chini, kisha ajasta, kisha ya nyuma pamoja na lever na kebo. Kebo inatolewa kwa kurudisha springi yake nyuma kwa plaiz na kuchomoa kichwa. Lever ihamie shuu mpya kwa kupanua ile washa ya C kwa bisibisi, na washa mpya ibanwe kwa plaiz mpaka isicheze, lakini lever iende kwa uhuru.

Bamba la nyuma lina vijukwaa sita ambavyo shuu zinateleza juu yake, vitatu kila shuu. Safisha kwa msasa. Vikiwa vimechimbika, shuu inanasa kwenye shimo na breki inaachia kwa kuchelewa, hilo ndilo chimbuko la "breki inashika yenyewe" baada ya kubadilishwa kila kitu. Shimo dogo linasawazishwa kwa tupa. Paka grisi kama ukungu, siyo donge.

Ajasta ifunguliwe yote, nyuzi zisuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe grisi hiyohiyo, na izunguke kwa vidole. Ikihitaji plaiz kuzunguka, haitajikaza yenyewe garini.

#10 FundiTabata

Hapo hapo mkuu, usiipite haraka. Ajasta ya kushoto na ya kulia SI moja. Nyuzi za moja zinaelekea kushoto. Ukizibadilisha, kila mara ulimi unaposukuma jino, ajasta inafupika badala ya kurefuka. Gari linatoka gereji breki juu, na kila siku pedali inashuka kidogo. Utabadili mastasilinda bure. Weka alama ya rangi kabla hujazitoa, au weka kila upande kwenye bakuli lake.

#11 SpanaNambaKumi

Sahihi kabisa. Na shuu yenye lever ya hendibreki inakaa NYUMA, upande wa bampa la nyuma.

Sasa kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Chukua vernia (kifaa cha kupimia milimita), pima kipenyo cha ndani cha dramu. Pima upana wa shuu zikiwa zimefungwa, sehemu pana zaidi katikati. Tofauti iwe kama 0.6 mm. Zungusha meno ya ajasta mpaka ifike hapo, rudisha dramu.

Kama huna vernia: vaa dramu, ifunge kwa nati mbili ili ikae sawa, kupitia tundu la nyuma kaza meno mpaka dramu isizunguke kwa mkono. Kisha sukuma ulimi utoke na urudishe meno 8. Izunguke kwa uhuru, msuguano mdogo wa kusikika unakubalika, mkwaruzo wa kusimamisha haukubaliki. Hesabu ile ile pande zote mbili. Rudishia raba ya tundu, maji na tope vinaingia hapo.

Kanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zijipange katikati, zungusha tena.

Kebo ndiyo ya mwisho. Ndani ya gari, legeza nati ya kufungia, kaza nati ya kurekebisha mpaka mkono wa hendibreki ushike kwa mibofyo 6 hadi 9 kwa mvuto wa kawaida wa mkono. Ukishushwa, magurudumu yote mawili yazunguke. Halafu, na hili ndilo la muhimu, vua dramu moja utazame lever ya ndani kabla ya kufunga tairi: imegusa kituo chake? Isipogusa, umekaza kupita kiasi.

Nati za tairi nguvu ya kukaza ni 103 Nm kwa Toyota ndogo, kwa mpangilio wa msalaba.

#12 DerevaWaKitonga

Fundi, shuu mpya zimefungwa juzi, breki ziko chini kuliko za zamani. Wanasema zitakaa zenyewe. Kweli?

#13 MkerezajiWaIlala

Inategemea. Dramu ikiwa imekerezwa au imelika, duara lake ni kubwa kuliko la shuu mpya. Shuu inagusa katikati tu, ncha zinaelea. Jaribu hivi: paka chaki ndani ya dramu, iweke shuu kwa mkono ndani yake na uisugue nyuma na mbele. Chaki ikihamia kwenye shuu kipande cha katikati tu cha sentimita tatu, huna breki, una alama. Shuu inapaswa kusuguliwa kwa msasa sehemu hizo mpaka mgusano uwe mpana. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini na karibu hakuna anayeifanya.

Kisha kuzoeza: kutoka 50 kwenda 10 kilomita kwa saa, breki ya wastani, mara kumi hivi, ukiacha nafasi ya kupoa. Usisimame mguu ukiwa kwenye breki wakati dramu zina moto.

Lakini kama pedali inapanda ukikanyaga mara mbili, si kukaa kwenyewe. Ni #11 haikufanyika.

#14 DerevaWaKitonga

Inapanda, ndiyo.

#15 SpanaNambaKumi

Basi mrudie fundi, hesabu meno mbele yake. Na kwa kuwa unapita mteremko wa Kitonga: dramu ikichemka inatanuka, yaani inakimbia kutoka kwenye shuu. Gari lenye nafasi kubwa tangu juu litakuwa na pedali chini kabisa katikati ya mteremko. Shuka na gia uliyopandia, breki iwe ya kukanyaga kwa nguvu kidogo na kuachia, isiwe ya kugusa muda wote. Ukifika chini na kusimama, usivute hendibreki dramu zikiwa za moto. Chuma kikipoa kinasinyaa juu ya shuu, kinaweza kushika vibaya. Gia na jiwe chini ya tairi.

#16 KangemiGarage

Salamu wakuu kutoka Nairobi. Hiace ya matatu, shuu mpya, dramu mpya, hakuna upepo, lakini nyuma haikamati kabisa, mbele inakamata mpaka tairi zinalia. Springi za nyuma ziliongezwa jani moja ili ibebe mzigo.

#17 FundiTabata

Jani hilo ndilo kosa. Chini ya gari, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo au springi. Kazi yake ni kusoma mzigo: nyuma ikishuka, inaongeza presha ya breki za nyuma, nyuma ikinyanyuka, inapunguza ili matairi yasikwame. Umenyanyua gari kwa jani, vali inadhani gari ni tupu siku zote. Fimbo ile inarekebishwa kulingana na kimo kipya. Kwa usahihi ni kwa geji ya presha, si kwa kukisia. Kuna wanaoifunga ikae wazi moja kwa moja, hiyo siku ya mvua gari tupu linageuka kichwa mkia.

Kagua pia kama fimbo imekufa kwa kutu. Inapaswa kusogea kwa mkono.

#18 KangemiGarage

Fimbo imefungwa na waya, boss. Tumeipata.

#19 FundiTabata

Waya!

#20 Mzee_wa_Diff

Kwa magari ya kusukumwa na nyuma, Hiace, Hilux, pickup zote za ekseli nzima, ukikuta dramu imelowa usikimbilie silinda. Nusa na ushike. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, yanaoshwa na maji. Oili ya difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) ni nzito na inanuka kiberiti. Ikiwa ya difu, oili sili ya ekseli imekufa. Na kabla hujaweka sili mpya, safisha tundu la kupumulia juu ya difu. Likiziba tope, joto linajenga presha na kusukuma oili kupita sili yoyote, hata ya jana. Sili mpya bila kusafisha pumulio ni kazi ya kurudia.

Angalia kiwango pia. Difu iliyojazwa kupita tundu la kujazia itavuja tu.

#21 Kibajaji_77

Naomba na sisi wa pikipiki. Boxer, breki ya nyuma ya dramu.

#22 BodaMekanika

Nati ya mwisho wa fimbo, kaza mpaka pedali iwe na mchezo wa kama 20 hadi 30 mm kabla ya kukamata, zungusha tairi, isiburuze. Rudia kipimo hicho kila mara baada ya kukaza cheni, kwa sababu kurudisha tairi nyuma kunakaza breki na wewe hukugusa.

Kuna alama ndogo ya mshale kwenye mkono wa breki. Ukikanyaga na mshale ukafika au kupita mstari kwenye kava, shuu zimekwisha. Kosa la hatari: nyuzi za fimbo zikiisha, watu wanauchomoa mkono na kuuhamisha jino moja kwenye shafti ili wapate "nafasi ya kukaza". Shuu hazikuongezeka. Kile kipande cha ndani kinachopanua shuu kinazunguka mpaka kinakaribia kulala upande, na siku ya kukanyaga kwa nguvu kinapinduka na kukwama hapo. Tairi linafungwa nawe uko barabarani na abiria.

#23 GariLaMchina

Gari langu lina diski nyuma, lakini hendibreki haishiki. Hakuna dramu.

#24 SpanaNambaKumi

Huenda ipo. Prado, Harrier, Crown na nyingine nyingi zina diski ambayo katikati yake, kile kichwa chenye kitovu, ni dramu ndogo ya hendibreki tu. Usoni pa diski kuna raba ya kuziba tundu. Ng'oa, zungusha diski mpaka tundu likutane na meno ya ajasta, kaza mpaka diski isizunguke, rudisha meno 8, weka raba. Halafu kebo. Shuu hizi hazijikazi zenyewe na haziliki sana kwa sababu zinafanya kazi gari likiwa limesimama, ila zinashika kutu na lainingi zinabanduka kwa umri. Ukisikia kitu kinagonga ndani, fungua.

Aina nyingine ina hendibreki ndani ya kalipa (kibano cha diski) yenyewe, pistoni inarudishwa kwa kuzungusha, siyo kwa kusukuma na klampu. Ukiilazimisha na klampu umeua kalipa.

#25 Dada_Gereji_Moshi

Kutoa upepo hakujaelezwa, na ndipo kazi nzuri inaharibiwa.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia. Niple (kitundu chenye nati cha kutolea upepo) ni spana namba 8 mara nyingi. Ilowekwe mafuta ya kufungulia kutu kabla, ikikatika umenunua silinda. Bomba safi kwenye niple, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Msaidizi akanyage na KUSHIKILIA, ufungue robo mzunguko, ufunge, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, unavuta upepo ndani. Kila mikanyago mitano tazama chupa ya juu isikauke. Kwenye gari la ABS (mfumo wa kuzuia tairi kukwama) ikikauka upepo unaingia kwenye pampu ya ABS na magari mengine hayatoi bila mashine ya kompyuta.

Na chini ya pedali weka kipande cha mbao. Mastasilinda ya zamani raba zake zimezoea kutembea nusu ya kwanza tu. Mbele yake kuna kutu. Ukikanyaga mpaka sakafuni raba zinapita pale na kukatika, halafu mteja anasema ulimharibia.

Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, usifute kavu.

#26 DerevaWaKitonga

Mrejesho: meno yamehesabiwa, kushoto ilihitaji 14 kukaza na kulia 5. Pedali imepanda. Ila sasa dramu ya kulia inapata moto kuliko ya kushoto baada ya kilomita kumi.

#27 SpanaNambaKumi

Nyanyua nyuma, hendibreki chini, zungusha kulia kwa mkono. Ikiwa nzito, fungua niple ya silinda kidogo. Ikiachia papo hapo, presha imebaki ndani: paipu ya raba imevimba kwa ndani na kuwa kama vali, mafuta yanaenda lakini hayarudi. Isipoachia, si ya mafuta. Chomoa kichwa cha kebo kwenye lever. Ikiachia, kebo ya kulia imeshika kutu ndani ya gamba lake. Isipoachia na hapo, basi ni shuu: springi dhaifu au vile vijukwaa vya #9.

#28 DerevaWaKitonga

Niple haikubadili kitu. Kebo ilipochomolewa, gurudumu likawa jepesi.

#29 SpanaNambaKumi

Kebo ya kulia ibadilishwe, usiimwagie oili ukategemea itadumu, maji yameshaingia kwenye gamba. Ukifunga mpya, legeza nati ya katikati mpaka mwisho kwanza, halafu anza upya mibofyo.